Kifungua Kinywa cha Kozi

Mimi sipendi mtu aingize mkono katika kazi yangu, na hilo Zipporah alilijua tangu wiki ya kwanza. Ukinikuta naosha gari usinionyeshe doa. Ukinikuta namlisha ndege usiniambie nimempa kidogo. Miaka kumi na mmoja nimekaa katika nyumba moja hapa Riyadh, dereva na mlezi wa ndege wa mzee mwenye nyumba, na hata bosi Fawaz, mtoto mkubwa wa mzee, ananihimiza tu, hanifundishi. Ni mwanamke mmoja peke yake aliyekuwa akisimama mlangoni, mwiko mkononi, akinitazama kama mtu aliyemshika mwizi. Huyo ndiye Zipporah, mpishi, Mkamba wa Kyuso huko Mwingi. Nataka kuwaeleza habari zake kwa sababu ameondoka, na tangu aondoke mimi kelele zangu zimezidi na hakuna wa kuzijibu.

Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa. Yassir jina langu. Zipporah alikuwa akiniita kaka, ingawa nikimkasirisha aliniita mzee Yassir, na hapo najua nimechokoza nyuki.

Nilimjulia Jidda. Alikuwa mtaa wa Hindawiyah kwa bibi mmoja, mwalimu mstaafu, dada yake mzee wetu, akampikia na kumwosha miaka miwili. Bibi alipofariki, ikama ya Zipporah, kibali chake cha kukaa na kufanya kazi, ikahamishiwa kwa mzee wetu, nami nikatumwa kumleta pamoja na madam, mke wa Fawaz, aliyekuwa huko matangani na wanawe. Asubuhi ya safari Zipporah akaomba ruhusa apite mtaa wa Ghulail kuwaaga wenzake. Nikamwambia dakika kumi. Akarudi baada ya saa nzima, kabeba unga wa mahindi wa kumtosha mwaka na ndoo ya mahamri. Nilinuna. Lakini kabla hatujaimaliza milima ya Taif kila mtu ndani ya gari alikuwa ameshakula, hata madam, ambaye hali vitu vya mafuta.

Kwenye kituo cha petroli akashuka na hamri mkononi kumpelekea paka aliyemwona pale. Nikamwambia dada, tuna kilomita zaidi ya mia saba mbele yetu. Akanijibu paka hajui kilomita. Madam akacheka, mimi sikucheka.

Baadaye ndipo nikaelewa. Kwao Kyuso mvua hufanya ubahili, na yeye alikuwa mtoto wa miaka tisa ule mwaka ambao ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama. Lakini mama yake alikuwa na sheria moja: hakuna mtu anayetoka katika boma lile na tumbo tupu. Watoto wakienda kuchunga, alikuwa akiwafungia kunde za kukaanga kwenye ncha ya leso. Hata askari wa chifu aliyekuja kumkamata baba yao kwa sababu ya pombe ya kienyeji alikalishwa chini akala kwanza, na alipomaliza kula akaona haya kumkamata. Zipporah akisimulia hiyo alikuwa anacheka mpaka machozi. Kulisha watu ndiyo ilikuwa dini yake ya pili.

Na alikuwa na mtoto, Mitchelle. Alimwacha kwa mama yake akiwa na miaka miwili, na sasa alikuwa na sita. Miaka minne mtoto yuko ndani ya simu. Aliomba likizo, akaambiwa baada ya Ramadhani. Akaomba tena, akaambiwa baada ya Haji, kisha baada ya mitihani ya watoto. Sababu tuliijua sote: mpishi aliyekuwepo kabla yake alikwenda likizo Machakos akapotelea huko huko. Fawaz alikuwa na msemo wake, wakienda hawarudi. Mwaka jana hatimaye mzee mwenyewe akasema, Zipporah atakwenda kwao tukishafungua msimu wa kuwinda. Viza ya kutoka na kurudi ikapatikana, tiketi ikakatwa ya Alhamisi. Yeye akamwahidi mzee, bila kuulizwa, kwamba miezi mitatu ikiisha atarudi. Usiku na mchana sanduku lake likawa wazi chini ya kitanda, analijaza na kulipunguza.

Sasa niwaeleze ndege. Mzee wetu, sote twamwita baba, ana miaka themanini na magoti yamemkataa. Kitu kimoja kilichobaki kumtoa nje ni kozi wake, ndege wa kuwindia, jike, jina lake Wadha. Wakati wa joto kozi hana kazi. Hukaa ndani ya chumba chenye kiyoyozi kizuri kuliko changu, hunyonyoka manyoya ya zamani na kuota mapya, na hula kware mpaka anachagua. Kisha mwishoni mwa Agosti nyota ya Suheli huonekana alfajiri upande wa kusini, na hapo wenyeji wote huanza kuzungumza kwa sauti nyingine. Joto linavunjika. Vumbi linatulia. Jioni unaweza kukaa barazani bila kulaani. Watu wanatoa mahema ghalani, wanayaanika juani, na kila mwenye ndege anamtazama ndege wake.

Hapo ndipo mimi na Zipporah tulipogombana.

Kozi aliyeshiba hawindi, na zaidi ya hapo, kozi aliyeshiba harudi. Ukimrusha na tumbo limejaa anapanda juu, anaona dunia ilivyo pana, anakwenda zake. Kwa hiyo kabla ya msimu kazi yangu ni kumpunguzia chakula kidogo kidogo. Kila asubuhi nampandisha kwenye mizani, naandika gramu, nampa kipande kinachotosha asidhoofu, basi. Halafu namwita kwa chambo: mabawa ya ndege yaliyofungwa kwenye kamba, unayazungusha hewani, naye anakuja mbio kwa sababu ana njaa. Wazee wetu pwani walisema kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda. Huyu wetu alikuwa akilala na njaa kwa kupenda kwangu mimi.

Zipporah hakuweza kustahimili. Wadha akilia yeye anaacha sufuria. Aliniambia kwamba ninamtesa kiumbe. Nikamweleza taratibu, na mimi taratibu sina, kwamba shibe mwana malevya, kwamba njaa ndiyo kamba inayomrudisha. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda.

"Kaka Yassir," akasema, "mtu hurudi pale alipolishwa. Pale aliponyimwa huenda kwa lazima tu."

Nikamwambia ashughulikie vitunguu vyake.

Mwezi wa kumi tukatoka kwenda nyikani, mwendo wa saa mbili nje ya mji, Fawaz na kibali chake cha kuwinda mfukoni, mzee kiti cha mbele, Zipporah nyuma na masufuria yake, Wadha ameketi katikati yetu na kofia yake ya ngozi iliyofunika macho. Ilikuwa imenyesha mara moja wiki ile, na penye bonde mchanga ulikuwa umeanza kuota majani membamba, mtu wa Mombasa hawezi kuyaita majani, lakini mzee aliyaona akashusha kioo anuse. Ndugu na marafiki wa mzee walikuwa wameshafika. Tukasimamisha mahema, la wanaume mbele, la jikoni nyuma. Jioni ile mzee alitembea hatua ishirini bila mkongojo. Nilihesabu.

Asubuhi nilimpima Wadha, akawa sawasawa kabisa, nikamkalisha kwenye kigingi chake nyuma ya hema la jikoni, kwenye kivuli, nikaenda kuwasha gari na kujaza maji. Nilikawia robo saa, haikuzidi. Fawaz akaanza yalla, yalla, jua linapanda, wageni wanangoja. Kila siku kabla ya kumrusha mimi humgusa Wadha kifuani, pale chini ya koo, kuhakikisha hajala. Siku ile kwa zile yalla sikumgusa. Nilimchukua mkono mmoja, chambo mkono wa pili, nikamkabidhi mzee. Kosa hilo ni langu na sijawahi kumtupia mtu.

Mzee akamvua kofia. Wadha akatikisa manyoya, akatazama huku na huku bila haraka, akaruka. Alipanda vizuri mno. Watu wakasema mashallah. Nikazungusha chambo. Akapita juu yangu akaendelea kupanda. Nikazungusha tena, nikaita mpaka koo likauma, naye anazunguka tu, kila mzunguko mpana kuliko uliotangulia, mpaka akawa nukta, mpaka hata nukta ikawa ni macho yetu yanatudanganya. Fawaz alikuwa amenunua kile kifaa cha kumfunga ndege mguuni ili ajulikane alipo. Mzee alikikataa tangu mwanzo.

Nikamtazama mzee. Alibaki ameinua uso, mkono wenye glavu bado uko hewani. Mimi moyo ulinivunjika kwa ule mkono.

Fawaz ndiye aliyesema. Mbele ya wageni akasema huyu ndege amelishwa, na aliyemlisha ni mimi, na nimemlisha kusudi apotee ili wenzangu wamdake wamuuze. Akasema halas, imekwisha, wiki hii hii nitakuwa Mombasa, ikama yangu itafutwa. Miaka kumi na mmoja, unga umemwagika kwa dakika moja.

Nikarudi nyuma kwenye kigingi, nikainama. Kwenye mchanga kulikuwa na kipande cha moyo wa kuku. Nikaingia hema la jikoni nacho kwenye kiganja. Zipporah alikuwa anakata nyanya. Aliangalia kiganja changu, akaweka kisu chini, wala hakutafuta uongo. Akasema alimpa mioyo sita. Akasema Wadha alikuwa analia, na leo ndiyo siku yake ya kwanza ya kazi, na nani huenda kazini bila kunywa chai.

Bila kunywa chai, jamani. Nilimfokea. Nilimwambia mengi, na mojawapo mpaka leo linanichoma: nilimwambia mtu aliyekulia njaa akikabidhiwa jiko hulisha hata mawe. Nikamweleza yaliyosemwa na Fawaz. Alisikiliza mpaka mwisho, akazima moto, akavua aproni, akaikunja, na hapo nikajua anakwenda wapi.

Nikasimama mlangoni. Hasira zote zilinitoka mara moja, nikabaki na woga. Nikamwambia Alhamisi unasafiri, siku sita tu zimebaki. Fawaz anatafuta sababu ya kuzuia safari hii tangu ilipotajwa. Nyamaza wewe, mimi nitajua la kusema.

"Mitchelle amenisubiri miaka minne," akasema. "Nikifika kwake huku nyuma nimekumwagisha wewe unga, nitamtazamaje? Nipishe, kaka."

Nikampisha. Sijui kama nilifanya vizuri.

Hema la wanaume mpishi haingii, chakula hupokelewa mlangoni. Yeye aliingia mpaka katikati ya zulia, mtandio kichwani, mikono ameishika kwa mbele, nami nyuma yake kama mtoto. Akasema kwa Kiarabu chake cha jikoni, ambacho mimi huwa namcheka, na siku ile sikumcheka. "Ni mimi niliyemlisha ndege, baba," akasema. "Yassir mafi malum, hajui chochote." Wageni wakatazamana. Fawaz akainuka, akasema basi tiketi imekufa, hakuna kwenda popote, na wengine wakasema ndiyo, haki yake.

Mzee akainua mkono, wakanyamaza. Akamwuliza kwa nini.

"Alikuwa anakwenda kazini, baba," Zipporah akasema.

Mtu mmoja akaguna kicheko. Mzee hakucheka. Akamwuliza mtoto wake ana miaka mingapi. Akasema sita. Akamwuliza alimwacha na mingapi. Akasema miwili. Mzee akamgeukia Fawaz akamwuliza kwa nini imekuwa minne, na Fawaz, sauti imeshuka sasa, akatoa msemo wake: wakienda hawarudi, baba, wewe mwenyewe unajua.

Mzee akaanza kuivua ile glavu, kidole kimoja kimoja.

"Miaka sitini nawapunguzia ndege chakula ili warudi," akasema. "Ndege ni ndege, ndiyo kazi yenyewe. Lakini huyu ni mtu, Fawaz. Tumemfanyia vile vile."

Fawaz akauliza, na asiporudi je? Mzee akasema asiporudi, asirudi. Alhamisi Yassir atampeleka uwanja wa ndege. Kisha akanitazama mimi, akaniuliza kama nilimgusa ndege kifuani. Nikasema sikumgusa, baba. Akatikisa kichwa akasema mwaka ujao utamgusa. Hivyo ndivyo nilivyojua bado nina kazi. Zipporah alisimama pale pale akilia bila sauti, mpaka mzee akamwambia aende akapike, wageni wana njaa.

Tulingoja siku mbili nyikani. Ndege aliyepotea akishaona njaa mara nyingine hurudi aliporushwa. Mzee alikaa mlango wa hema na chambo mapajani. Wadha hakurudi. Siku ya tatu mzee akasema tufunge mizigo, atakuwa ameshapata chakula chake kwingine, na sauti yake haikuwa na uchungu, ilikuwa imechoka tu.

Alhamisi nilimpeleka Zipporah uwanjani. Njia nzima alikuwa ananielekeza: biriani iko kwenye friji, mzee asipewe chumvi, paka wa uani ni watatu sasa, si wawili. Nikamwomba radhi kwa lile neno la mawe. Akasema alishalisahau, na uongo wake huwa haufichiki. Akaniambia kaka, usikonde. Nilirudi kwenye gari nikakaa nikalia kidogo, sifichi, kisha nikapigiwa honi na wa nyuma yangu nikamtukana.

Wiki ya kwanza alinitumia sauti kwenye simu. Mitchelle alimkimbia. Alijificha nyuma ya nyanya yake, akamwita yule mama wa simu, akakataa kulala nyumba moja naye. Zipporah hakumfukuzia. Alikaa jikoni akapika chapati, akakaa tu. Siku ya pili vile vile. Siku ya nne mtoto akaja mpaka mlangoni, akanyoosha mkono akanyakua kipande, akatoka mbio. Baada ya siku kumi akalala mapajani kwake mdomo una mafuta. Nilimfasiria mzee habari ile yote. Akanirudisha nyuma, akataka nirudie pale mtoto aliponyoosha mkono. Alichukua kwa mkono wake mwenyewe? akauliza. Nikasema ndiyo, baba, kwa mkono wake. Akafumba macho akatabasamu.

Mzee alikuwa akiniuliza habari zake kila siku baada ya hapo. Habari za Wadha hakuniuliza hata mara moja.

Miezi mitatu ikakaribia kuisha. Zipporah akanipigia mchana, na kabla hajasema nikajua analia. Sanduku lilikuwa limeshafungwa. Alimwahidi mzee atarudi, na mzee alimsimamia mbele ya wanaume wote wale, na kwao ahadi kwa mtu aliyekutendea hivyo haivunjwi. Lakini Mitchelle aliliona lile sanduku, na tangu juzi hali chakula. Wala halii. Ameketi juu ya sanduku na hali. Akaniomba nimwambie mzee anafika Jumapili.

Nilikwenda kwa mzee. Alikuwa amekaa uani juani, blanketi magotini. Nikamwambia Zipporah anafika Jumapili, akafurahi, akasema alhamdulillahi. Hapo ningeweza kunyamaza. Nawaambieni kweli, nilitaka kunyamaza, kwa sababu na mimi nilimtaka arudi, nilimkosa, nyumba ile ilikuwa imenishinda. Lakini nikamweleza na habari ya sanduku.

Mzee akanigeukia.

"Mtoto hali?" akauliza.

"Hali, baba."

"Mpigie. Mwambie nimesema asirudi."

Nikampigia pale pale, mbele ya mzee, nikamwambia kama nilivyoambiwa, na nikaongeza salamu zangu. Nilisikia simu ikiwekwa mahali, nikasikia sufuria inatua mekoni, maji yanamiminwa, kisha sauti yake, mbali kidogo, ikimwita Mitchelle ashuke kwenye sanduku aje ale.